Mgonjwa akisema ‘moyo’, daktari asikia nini?

Na Mwandishi Wetu

CHUKULIA mama wa makamo anayeteremka mlima Sagalla kabla ya jua kuchomoza ili awahi matatu ya kwanza ya kwenda Voi. Amekaa wiki tatu bila usingizi wa maana. Hospitalini anapanga foleni, anapewa kadi, na saa sita inapokaribia jina lake linaitwa. Anaketi na kusema: “Daktari, moyo waniuma. Kichwa chawaka moto. Na mwili wote hauna nguvu.”

Daktari anampima presha, anasikiliza kifua, anauliza kama anakohoa. Anaandika. Anamwambia muuguzi maneno mawili matatu ya Kiingereza. Mama anapelekwa maabara, anarudi na majibu, anapewa vidonge vya kutuliza maumivu, na katika yote yaliyosemwa ameshika neno moja tu: “hakuna kitu.” Jioni akiulizwa nyumbani ameambiwaje, atajibu, “Nimeambiwa sina ugonjwa.” Na atakayesikia atasema moyoni: kumbe alikuwa akijisingizia!

Mama huyu ni mfano tu, lakini ni msomaji gani asiyemjua mtu wa kumpa jina? Hakuna aliyedanganya katika chumba kile. Daktari alitazama moyo ulio kifuani akaona unapiga sawasawa. Mama alisema habari za moyo ule mwingine, unaobeba huzuni, hofu na chuki, nao ulimwuma kweli. Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili. Kila mmoja aliondoka akiamini kwamba amezungumza na mwenzake.

Kutoeleweka si jambo la ugomvi wa mume na mke peke yake, wala la vijana wanaolalamika kwamba wazazi hawawasikilizi. Ni jambo la afya. Humpa mtu dawa isiyo yake, humnyima iliyo yake, na baya zaidi, humfundisha kunyamaza.

Wengi waliopita bila kuonekana

Mwaka 2009 kundi la watafiti likiongozwa na Profesa David Ndetei, bingwa wa magonjwa ya akili nchini, lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali na vituo kumi vya kawaida vya Kenya. Wagonjwa 2,770 walihojiwa. Hawakuwa wagonjwa wa Mathari. Walikuwa watu waliokuja kutibiwa maradhi ya kila siku. Asilimia 42 kati yao walikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, iwe nyepesi au kali. Lakini ni takriban asilimia 4 tu ya wagonjwa wote ambao madaktari walikuwa wameandika katika faili zao kwamba wana tatizo lolote la akili.

Hebu tuzipime tarakimu hizo. Si kwamba madaktari walikuwa wavivu. Mgonjwa hafiki dirishani akasema, “Nina sonona.” Anasema tumbo limejaa, mgongo unakatika, kichwa kinazunguka, mwili unachomachoma kama una sisimizi. Daktari naye amefundishwa kutafuta kilicho tumboni na mgongoni. Anatafuta, hakioni, anafunga faili.

Hali kadhalika kuna suala la muda. Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilikusanya takwimu za nchi 67 kuhusu dakika ambazo daktari wa kawaida hukaa na mgonjwa mmoja. Nchini Sweden zilikuwa dakika 22 na nusu. Bangladesh zilikuwa sekunde 48. Watafiti walikadiria kwamba karibu nusu ya watu duniani huishi mahali ambapo daktari humaliza na mgonjwa katika dakika tano au pungufu.

Hapo wahudumu wengi watasema: tukimwacha kila mtu aseme, tutafunga saa ngapi? Hofu hiyo ilipimwa. Mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel wa Marekani walirekodi mazungumzo 74 na wakakuta kwamba mgonjwa alikatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Mwaka 2002 watafiti wa Basel, Uswisi, walifanya kinyume. Waliwaomba madaktari wanyamaze hadi mgonjwa mwenyewe akome. Wagonjwa 335 walipimwa kwa saa bila kujua. Wastani wa muda waliozungumza? Sekunde 92. Karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa wamemaliza kabla ya dakika mbili kwisha. Mtu aliyesubiri kuanzia alfajiri haombi siku nzima. Anaomba dakika moja na nusu.

Maneno yenye sura mbili

Voi ni mji wa njia kuu. Hospitali ya Rufaa ya Moi iliyo hapo hupokea majeruhi wa barabara ya Mombasa na Nairobi, wafugaji kutoka nyika, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na wenyeji wa vilima vyote vitatu: Dawida, Sagalla na Kasigau. Lugha zinazoingia kwenye lango lile kwa siku moja ni nyingi. Hata wanaoitwa Wataita kwa jumla hawana lugha moja: Kisaghala si Kidawida, na mzee wa Sagalla anaweza kukwambia wazi kwamba watu wa Wundanyi humchosha kuwasikiliza.

Basi wote wanakutana katika Kiswahili, na Kiswahili chetu, pamoja na utamu wake, kina mitego yake mbele ya daktari. “Nina kifua” kwa mmoja ni kikohozi, kwa mwingine ni pumu, kwa wa tatu ni kifua kikuu asichotaka kukitaja. “Homa” ni joto la mwili, ni mafua, na kwa watu wengi ni malaria moja kwa moja. “Mshipa” kwa muuguzi aliyetoka bara ni njia ya damu, lakini mzee wa pwani akisema ana mshipa huenda anazungumzia ngiri au kuvimba kwa korodani, na amelichagua neno hilo makusudi kwa sababu muuguzi ni binti wa umri wa mjukuu wake. “Tumbo” ndilo linalosaga chakula na ndilo linalobeba mimba. “Mguu” huanzia kwenye nyonga hadi kwenye kidole.

Majibu ya maabara nayo hutatanisha. Mtu akiambiwa matokeo ni hasi, anasikia hasi kama hasira au hasara, akatoka analia, kumbe kijidudu kilichotafutwa hakikupatikana. Mwingine akaambiwa ni chanya, akatabasamu.

Lakini mtego unaostahili kutajwa kuliko yote ni wa saa. Dawa nyingi za kuua vijidudu humezwa mara tatu kwa siku, na mtoa dawa mwangalifu husema “kila baada ya saa nane”. Mgonjwa anasikia “saa nane”. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, saa nane ni mchana, jua likiwa limeanza kuinama. Anafika nyumbani, anameza kidonge kimoja saa nane mchana, na kesho yake vivyo hivyo, kwa utiifu kabisa. Anapata theluthi ya dawa yake. Akirudi bado mgonjwa ataitwa mkaidi. Na hapo hatujaingia katika shida ya saa za Kiingereza, ambapo nane iliyoandikwa kwenye karatasi ni saa mbili ya kwetu. Maneno “asubuhi, mchana na kabla ya kulala” yangeondoa shida yote hiyo, wala hayana gharama.

Mjukuu kama mkalimani

Pale ambapo mgonjwa hana Kiswahili cha kutosha, huja na mtu. Aghalabu ni mjukuu aliye shuleni, au mwana wa kiume. Mpango huu unaonekana mwema hadi unapoutazama kwa ndani. Bibi mwenye maumivu ya sehemu za siri hawezi kuyataja mbele ya kijana wake. Atasema mgongo. Mjukuu naye akisikia daktari anataja saratani, atamwambia nyanya yake kwamba ni kidonda tu.

Mwaka 2003 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha uchunguzi wa Dakta Glenn Flores na wenzake juu ya ukalimani katika kliniki ya watoto. Katika mazungumzo 13 tu walihesabu makosa 396 ya tafsiri, wastani wa 31 kwa kila mazungumzo, na zaidi ya nusu ya makosa hayo yangeweza kuleta madhara. Huko huko Marekani, katika jimbo la Florida, mwaka 1980 kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake, waliozungumza Kihispania, walitumia neno “intoxicado”, ambalo kwao maana yake ni mtu aliyedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Waliompokea wakalisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, la mtu aliyelewa au kutumia madawa ya kulevya. Akatibiwa kwa dhana hiyo. Kumbe alikuwa akivuja damu ndani ya ubongo. Alipooza mikono na miguu, na kesi yake ikaishia kwa makubaliano ya fidia ya takriban dola milioni 71. Neno moja.

Mlima huu unajua habari hiyo

Ndara ni jina la zamani la mlima Sagalla, na wasafiri wa karne ya 19 waliliandika hivyo katika vitabu vyao. Mwaka 1883 mmisionari Mwingereza wa shirika la CMS, J. A. Wray, alikuja kukaa hapa. Hakuijua lugha, wala wenyeji hawakujua alichofuata. Mgeni asiyelima, asiyefuga, asiyenunua pembe, amekuja kufanya nini? Ukame ulipoingia, wapo walioona jibu liko wazi: huyu ndiye anayezuia mvua. Mtu wa watu alidhani anahubiri habari njema, na waliomsikiliza wakahesabu siku ambazo hazikunyesha tangu afike. Njaa ya 1884 ilikuwa kali sana, na baadhi ya watu wa mlima walihamia Rabai. Wray aliishi kusimulia. Mwaka 1894 alichapisha kitabu kidogo cha kufundisha lugha ya Kitaita, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefaa kuja kabla ya mahubiri ya kwanza.

Lakini kama ni habari za kutoeleweka kama ugonjwa, kuna jambo jingine la Wataita linalowashughulisha wasomi wa dunia hadi leo, nalo ni saka.

Kati ya 1950 na 1952, mwanaanthropolojia Grace Harris na mumewe Alfred waliishi katika vilima vya Taita. Mwaka 1957 Bi. Harris aliandika makala katika jarida la American Anthropologist kuhusu hali iliyowashika wanawake. Mwanamke alianza kutetemeka, mabega yakitikisika, kichwa kikienda huku na huku. Wengine walirudia sauti moja bila kukoma, wengine walizimia. Kilichoweza kuianzisha hali hiyo kilikuwa kitu kidogo: kuona motokaa, kusikia king’ora cha gari la moshi, kuona kiberiti kikiwashwa. Mwanamke alitamani vitu, mara sukari, mara sigara, mara kitu cha mumewe. Katika maeneo mengine, aliandika, karibu nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wamepatwa na saka wakati mmoja au mwingine.

Tiba yake ilikuwa kumpa mwanamke alichokitamani na kumchezea ngoma. Katika ngoma hiyo ya hadharani alivaa baadhi ya mavazi ya kiume na watu wakamtazama. Mume aligharimika.

Wanaume wa wakati ule walikuwa na maelezo yao, kwamba wanawake ni viumbe wa tamaa. Harris aliona mengine. Ardhi na mifugo vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mshahara wa Mombasa na wa reli ulikuwa wa wanaume. Gari la moshi lililopita Voi lilikuwa likienda mahali ambapo mwanamke hakutarajiwa kwenda, na sukari ilikuja kwa hisani. Mwanamke huyo hakuwa na baraza la kusimama akasema: nimechoka kuomba. Mwili ulisimama badala yake. Neno histeria Bi. Harris alilitumia katika kichwa cha makala yake, lakini aliliweka ndani ya alama za mtajo, kana kwamba hakuliamini sana. Alikuwa na haki. Neno hilo limetokana na neno la Kigiriki la tumbo la uzazi, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliacha kulitumia kama jina la ugonjwa.

Msomaji asicheke na kusema hayo ni ya zamani. Mwaka 1962 katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walishikwa na kicheko kisichozuilika, shule ikafungwa, na hali ikaenea vijijini. Oktoba 2023, katika shule ya wasichana ya Eregi, kaunti ya Kakamega, makumi ya wanafunzi walishindwa kutembea, wakitetemeka miguu. Nchi nzima ilitazama picha zao kwenye simu, na wengi walitoa hukumu saa hiyo hiyo: wanajifanya ili waende nyumbani. Wataalamu wa neva watakwambia kwamba miguu inaweza kugoma kweli bila mfupa kuvunjika wala ubongo kuharibika, na kwamba mwenye miguu hiyo haichezeshi kwa makusudi. Kumwita mwongo humzidishia.

Kutapika hasira

Kuna upande wa pili wa habari hiyo, nao haujulikani sana nje ya Taita. Mwaka 1978 Harris alichapisha kitabu kizima kuhusu dini ya jadi ya Wataita, na kiini chake kilikuwa tendo liitwalo kutasa. Mtu alichukua funda la pombe au la maji ya miwa, akalirusha kwa mdomo kama manyunyu, huku akitamka maneno: kwamba kama alikuwa na hasira, basi anaitoa, kwamba anamtakia fulani heri.

Imani iliyokuwa nyuma yake ni hii. Binadamu kukasirika si ajabu. Kinachoua ni hasira iliyofichwa moyoni, hata ile ambayo mwenyewe haijui vizuri. Mjomba aliyepuuzwa katika mgao wa mahari, mama mkwe asiyesalimiwa, hao wangeweza kuketi kimya, na mtoto wa nyumba nyingine akaugua. Mwaguzi aliulizwa hasira iko kwa nani. Na mwenye hasira alipotajwa hakuadhibiwa! Aliombwa aje aseme, arushe funda lake, mambo yaishe.

Gazeti hili halimshauri mtu aache kumpeleka mtoto mwenye degedege Voi aende kutafuta mjomba. Mtoto huyo anahitaji daktari leo. Lakini yafaa kuona kwamba jamii hii ilikuwa na utaratibu, wenye mahali pake na maneno yake, wa kumfanya mtu aseme lililomkaa rohoni mbele ya mtu anayehusika, bila kuaibishwa. Ni idara gani ya hospitali zetu inayofanya kazi hiyo?

Kilima kinapungua

Sayansi ya kisasa imeanza kupima mambo haya kwa vyombo. Mwaka 2014 watafiti wa Los Angeles, wakitumia mashine ya kupiga picha za ubongo, walionyesha kwamba mtu anapohisi ameeleweka, sehemu za ubongo zinazohusika na kupata zawadi huamka. Asipoeleweka, huamka sehemu nyingine zinazohusika na hisia mbaya.

Mwaka uliotangulia, Shigehiro Oishi na wenzake walikuwa wamechapisha jambo linalonifurahisha zaidi. Waliwataka watu wengine wakumbuke wakati walipoeleweka, na wengine wakati ambapo hawakueleweka, kisha wakawauliza kilima kilicho mbele yao kina mwinuko kiasi gani na mwendo fulani una urefu gani. Waliokumbuka kutoeleweka walikiona kilima kuwa kikali zaidi na njia kuwa ndefu zaidi. Kilima kilikuwa kile kile. Anayepanda Sagalla na mzigo wa sukari kichwani na jibu la “hakuna kitu” mfukoni angeweza kuwaeleza hayo bila utafiti.

Na hofu yenyewe ya kutoeleweka ina hesabu yake. Mtu anajiuliza: nikisema nasikia sauti ya marehemu mume wangu usiku, wataniita mwehu? Nikisema sipati hamu ya kumshika mtoto niliyemzaa juzi, nitaonekana mchawi? Nikisema ndovu wamekula mahindi yote na sasa nikiona giza linaingia naanza kutetemeka, je, daktari wa mjini atajua ndovu ni nini usiku? Pale Sagalla swali hilo si mzaha. Ni kijiji ambacho tangu 2009 kumewekwa ua za mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba ili kuwazuia ndovu wanaotoka mbuga ya Tsavo. Wanaokesha wakilinda shamba wana kila sababu ya kukosa usingizi, na hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha ndovu.

Maswali ambayo hayahitaji mashine

Mwaka 1978 Dakta Arthur Kleinman wa Marekani na wenzake walipendekeza maswali machache ambayo kila mhudumu angeweza kumwuliza mgonjwa. Wewe unadhani shida hii imeletwa na nini? Kwa nini ilianza wakati ule ilipoanza? Inakufanya nini? Unaogopa nini zaidi kuhusu ugonjwa huu? Ukitibiwa, unataka upate nini? Maswali haya yana umri wa karibu nusu karne na yanaulizika kwa Kiswahili chepesi. La nne ndilo linalofungua milango. Mtu aliyekuja na kidonda cha mguu anaweza kukwambia kwamba babake alikatwa mguu kwa sababu ya sukari.

Nchini Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki huko Mbare, Harare. Kinamama wazee waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Hawasemi habari za sonona. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo kila mtu analijua na halimwaibishi mtu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, yakihusu wagonjwa 573, yalionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Sisi pia tunasema “mawazo yamenizidi”. Neno tunalo. Benchi ndilo adimu.

Sheria nayo iko upande wa mgonjwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa, pale inapowezekana, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo mzee anayesema, “Mwanangu, nieleze kwa Kiswahili,” hajitii ujuaji.

Kwa upande wa mgonjwa, mambo machache husaidia. Sema lililo zito kwanza, usilihifadhi hadi mkono ushike kitasa cha mlango. Gusa mahali panapouma kwa kidole, badala ya kutaja kiungo tu. Ukiwa na jambo la siri, mwombe anayekusindikiza asubiri nje, au omba muuguzi wa jinsia yako anayejua lugha yako. Kabla ya kuondoka rudia ulichosikia: “Kwa hiyo nimeze kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kwa siku tano, ndivyo?” Mhudumu mwema hatakasirika. Na mhudumu anaweza kuanza yeye, asiulize “umeelewa?”, swali ambalo kila Mkenya hulijibu “ndiyo”, bali aseme, “Hebu niambie ukifika nyumbani utazitumiaje.”

Jambo moja lisichanganywe. Si kila moyo unaouma ni huzuni. Maumivu yanayobana katikati ya kifua kama jiwe, yanayopanda hadi kwenye taya au kushuka mkononi, yakifuatana na jasho baridi, kukosa pumzi au kichefuchefu, ni ya moyo wa nyama. Kwa wanawake na wenye ugonjwa wa sukari dalili zinaweza kuwa hafifu zaidi: uchovu wa ghafla, pumzi fupi, maumivu ya mgongo wa juu. Mtu wa namna hiyo asingoje matatu ya alfajiri. Mwamshe jirani mwenye gari usiku huo huo, na mkifika lango la hospitali msiseme “anaumwa moyo”. Semeni kifua kinambana, na tajeni saa kilipoanza.